Kangomba haifi kwa polisi

Kila msimu wa korosho ukikaribia, viongozi wetu wa kusini hupanda jukwaani kutangaza vita dhidi ya kangomba. Kwa msomaji wa mbali, kangomba ni ununuzi wa korosho wa kimyakimya, nje ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, na mara nyingi mnunuzi huwa ameshalipa tangu mti haujachanua. Polisi huwekwa njiani, pikipiki hukamatwa na magunia yake, picha hupigwa. Mwaka unaofuata kangomba iko palepale. Mimi nina duka kijijini, upande wa Newala, na nimekaa nyuma ya kaunta yake muda wa kutosha kujua kwamba wanaitafuta mwezi usio wake. Mwezi wa kumi kangomba inavunwa tu. Inapandwa mwezi wa pili, ndani ya nyumba ambayo mahindi yameisha, mhogo haujakomaa, na mtoto ana homa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama hizi hela wanazopewa kaya maskini zina faida yoyote, huwa namjibu kwa habari za korosho. Yeye hushangaa, kwa sababu alitaka nimwambie kama watu wanazinywea pombe. Hilo la pombe nitalifikia.

Niseme kwanza mimi ni nani kwenye jambo hili. Nauza unga, sukari, chumvi, sabuni ya kipande, mafuta ya kula ya kupima, dagaa, na daftari za shule. Pembeni ya kaunta nina simu za uwakala wa pesa. Wanaopokea hela za TASAF, ule mfuko wa serikali unaozigawa kwa kaya maskini, ni wateja wangu, wakipata nami napata, kwa hiyo msomaji anihesabu kama mtu mwenye maslahi. Lakini wenye maslahi ndio wanaoangalia kwa makini. Watafiti hupita kijijini na madodoso yao, wanakaa siku chache wanaondoka. Mimi nina daftari la madeni, na daftari hilo halijui kumfurahisha mgeni.

Daftari langu lina kalenda yake. Kuanzia mwezi wa sita kurasa huwa nyepesi, ufuta unauzwa, baadaye mbaazi, na mwezi wa kumi korosho inaanza kwenda mnadani. Hapo watu hulipa hata madeni niliyokwisha kuyasahau. Januari inapoingia mambo hugeuka ghafla. Korosho imeisha, shule zimefunguliwa. Ni kweli elimu ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne haina ada tangu 2016, lakini sare haijawa bure, wala viatu, wala daftari. Mvua inanyesha, shamba linataka palizi, na chakula kilichovunwa mwaka jana kinafika chini ya ghala. Kurasa za Januari mpaka Machi hujaa mpaka pembezoni. Watu walewale wanaonunua chupa nzima ya mafuta mwezi wa kumi na moja, mwezi wa pili huja na kikombe kuomba nipime ya shilingi mia mbili.

Aliye nacho hupita miezi hiyo kwa kuuza mbuzi, au kwa kumpigia simu mtoto aliyeko Dar es Salaam. Asiye nacho ana njia chache, na zote zinamgharimu mbele ya safari. Anaweza kwenda kibarua, akapalilia shamba la mwenzake akalipwa leo, huku lake mwenyewe likimezwa na majani. Mwezi wa tano anavuna debe mahali ambapo angevuna gunia, na mwaka unaofuata njaa inamkuta mapema zaidi. Au anaweza kuweka rehani korosho.

Nina jirani, bibi anayelea wajukuu watatu, mikorosho yake haizidi ishirini na mingine imezeeka. Kwa miaka alikuwa akichukua hela kwa mtu mmoja kila Februari. Shilingi 30,000, akiahidi kilo 30. Ni shilingi elfu moja kwa kilo, na wote wawili waliona ni biashara ya kawaida, tena yule mtu alikuwa na heshima zake, hakumtukana bibi wala kumdai kabla ya wakati. Sasa tuhesabu. Msimu wa 2024/2025 bei katika minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo 30 kwa bei hiyo ni 120,000. Hata ukitoa makato yote ya chama na ya ushuru, bibi anayekopa 30,000 Februari anarudisha mara tatu ya hiyo kabla mwaka haujaisha. Hakuna benki nchini inayothubutu kutoza riba ya namna hiyo. Na huyu bibi si mjinga. Anajua bei ya mnada kuliko mimi, husikiliza redio. Alichokosa ni 30,000 mwezi wa pili.

Alipoingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini akawa anapata karibu 40,000 kila baada ya miezi miwili. Mwaka wa kwanza hakwenda kwa yule mtu. Korosho yake yote ikaenda ghalani, na malipo ya mnada yakaingia. Tazama hapo vizuri: hela aliyopewa mwezi wa pili ilikuwa 40,000, lakini hela aliyoiokoa kwa kutoweka rehani ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Aliongeza bati upande mmoja wa nyumba, akanunua kuku wanne. Kuku wawili walikufa kwa mdondo, kama wanavyokufa kuku wa kila mtu huku.

Kisha ukaja mwaka ambao hela zilichelewa. Zilizotazamiwa Februari zikaonekana Machi mwishoni, baada ya bibi kuja dukani mara nyingi kuniuliza kama dirisha la malipo limefunguka. Kiasi hakikupungua hata senti. Kilichopotea ni wiki kadhaa tu, lakini zilikuwa wiki zenyewe. Alirudi kwa yule mtu. Hela ilipokuja Machi ilikuta korosho imeshakwenda, akalipa deni langu, akanunua unga, ikaisha. Kwenye vitabu vya serikali mwaka ule bibi alihesabiwa kuwa amelipwa kamili, na kweli alilipwa. Ila msaada wenyewe ulikuwa umeshapita.

Huu ndio msimamo wangu, na nitausema wazi kwa sababu naona mjadala wa hela hizi umekwama kwenye swali la kiasi. Wengine wanasema ni nyingi, zinalemaza. Wengine wanasema ni kidogo, hazimtoi mtu kwenye umaskini. Mimi nasema kinachofanya kazi kwenye hela hii ni uhakika wake. Hela ndogo ambayo mtu anajua itafika tarehe fulani inamwezesha kukataa. Anakataa kibarua cha siku za palizi yake, anakataa bei ya kutupa, anamkataa mwenye kangomba. Hela kubwa isiyojulikana siku yake ni bahati nasibu, na hakuna mtu anayepanga kilimo kwa bahati nasibu.

Kuhusu kiasi nitasema kidogo tu. Mpango huu ulipozinduliwa mwaka 2012, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, juu yake nyongeza za watoto, za kliniki na za shule, na kaya yenye kila sifa haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Utafiti wa serikali wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulisema mtu mzima mmoja anahitaji shilingi 49,320 kwa mwezi kupata mahitaji ya msingi, na kwamba Watanzania 26.4 kati ya kila 100 wako chini ya hapo. Kwa hiyo kaya nzima yenye watu sita ilikuwa inapewa, ikibahatika, pungufu ya mahitaji ya mtu mmoja. Anayeamini kwamba mtu ataacha jembe kwa hela hiyo hajawahi kushika jembe, au hajawahi kushika hiyo hela. Wachumi wamelipima jambo hili katika programu saba za nchi sita, kutoka Mexico mpaka Indonesia, na hawakuona watu wakiacha kazi.

Sasa pombe. Mtu anayesema maskini wananywea hela za TASAF hajakaa Umakonde mwezi wa kumi na moja. Huku pombe inaanguka kutoka mtini. Mabibo yakiiva yanakamuliwa, uraka unapatikana kila kona kwa bei ya karanga, na mwenye haraka zaidi anatafuta nipa. Ulevi wa kijiji chetu una msimu wake, na msimu huo ni wa korosho, hela za mnada zikiwa mifukoni mwa wenye mikorosho mingi. Februari, hela ya kaya maskini inapoingia, uraka haupo. Kuna wanaokunywa, ndiyo. Kuna mzee mmoja ambaye nikimpa hela yake mkononi najua njia atakayoshika, na mkewe anajua pia, ndiyo maana siku hizi huja naye. Lakini mmoja huyo ndiye anayesimuliwa mpaka wilayani, na wale akina mama thelathini walionunua unga hakuna anayewasimulia, kwa kuwa kununua unga si habari. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali juu ya swali hilihili la pombe na sigara, na karibu zote hazikuona matumizi hayo yakipanda. Pengine yalishuka.

Jambo ambalo wakosoaji wangeweza kulisema, na hawalisemi, ni unyago. Jando na unyago huku vinakula hela, na siwezi kusema hela za mpango haziingii humo. Zinaingia. Mama akipata 40,000 na binti yake anatoka mwezi huo, kitenge kitanunuliwa. Sioni aibu kulitetea hilo. Mtu asiyeweza kumcheza binti yake huwa amejitoa kwenye kijiji, na siku akifiwa au akiugua atajua maana ya kujitoa. Mwenye mshahara akichangia harusi tunaita kushirikiana. Maskini akifanya hivyohivyo tunaita matumizi mabaya.

Nirudi kwenye duka, maana hapa ndipo ninapojua zaidi. Dirisha likifunguka, siku ya kwanza watu hulipa madeni. Siku hiyo siuzi sana, napokea. Siku ya pili wananunua unga, mafuta, sabuni, dagaa. Hiyo hela haikai kwangu. Nampa mwenye dagaa anayepanda kutoka Mtwara na magunia yake, nampa kijana wa bodaboda aliyenibebea mzigo kutoka mjini, nampa fundi cherehani deni la sare za mwanangu. Fundi cherehani naye anamwita kibarua wa kumpalilia. Na kibarua ni nani? Mara nyingi ni mtu ambaye jina lake halikutoka kwenye orodha ya kaya maskini, na ambaye siku ya mkutano wa kuchagua kaya hizo alinuna.

Watu wa Siaya, magharibi mwa Kenya, wamepimwa jambo hili kwa kina kuliko popote ninapopafahamu. Shirika la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya kwa zaidi ya kaya 10,500, na wachumi wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata. Walikuta kila dola iliyoingia imeongeza uchumi wa eneo lile kwa karibu dola 2.50, na kwamba ambao hawakupewa chochote nao matumizi yao yalipanda. Bei za vitu zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1, yaani hazikupanda. Wasomi walilishangaa hilo la bei. Mimi halikunishangaza. Mwezi wa pili duka langu lina unga unaokaa, fundi cherehani amekaa, kijana wa bodaboda amelala juu ya pikipiki. Hela ikiingia hatuna sababu ya kupandisha bei. Tuna sababu ya kuamka. Na nikipandisha, upande wa pili wa barabara kuna duka jingine, na mwenye duka hilo hanipendi.

Utafiti mwingine uliotoka 2025 katika eneo hilohilo la Siaya ulinifanya niweke gazeti chini. Vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja katika kaya zilizopata hela vilipungua kwa karibu nusu. Hakuna dawa iliyogawiwa. Mama mjamzito aliacha kazi za sulubu miezi ya mwisho, alikula, akawa na nauli ya kwenda kujifungulia hospitali. Kumbuka tena kibarua cha palizi. Huku kwetu mimba ya miezi minane mwezi wa pili iko shambani kwa mtu, imeinama.

Kwetu pia walipima, kabla mpango haujaenea nchi nzima. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino: vijiji 80 vikachaguliwa, nusu vikaanza kupata hela na nusu vikasubiri. Baada ya miaka miwili na ushee kaya zilizopata zilikuwa na mbuzi na kuku zaidi, watoto wao walikuwa na viatu kuliko wenzao, na watu wengi zaidi walikuwa wamelipia kadi ya mfuko wa afya ya jamii. Hiyo ya kadi naipenda kuliko zote. Mtu anayelipia kadi ya matibabu akiwa mzima anaitazama kesho, na kesho haitazamwi na mtu ambaye hajui kama wiki ijayo atakula.

Masharti ya mpango nayo yana maneno. Mtoto ahudhurie shule, mdogo apelekwe kliniki, la sivyo hela inakatwa. Sina ugomvi na nia yake. Lakini nimeona nani anakatwa. Anayekatwa ni yule anayekaa mbali na zahanati, au yule ambaye mtoto wake alibaki nyumbani kumlea mdogo wake mama alipolazwa. Malawi, wilaya ya Zomba, walijaribu kutenganisha: wasichana wengine walipewa hela kwa sharti la shule, wengine bila sharti. Waliopewa kwa sharti walibaki shuleni zaidi, tusifiche. Ila katika wale walioacha shule, waliokuwa wanapata hela bila sharti hawakuolewa mapema wala kupata mimba kama wenzao. Maana binti aliyetoka shule akikatiwa na hela juu yake, anabakiwa na kitu gani zaidi ya mwanamume wa kumtunza?

Orodha ndiyo sehemu chungu. Kijiji huitwa mkutanoni, watu wanataja kaya maskini, kisha linakuja dodoso la maswali: ukuta wa nini, paa la nini, mifugo mingapi. Katika kijiji ambacho karibu wote ni maskini, mstari unapita katikati ya nyumba mbili zinazofanana. Mwaka 2016 nchi nzima ilipekuliwa, kaya zaidi ya 55,000 zikaondolewa kwa kutokuwa na sifa, na magazeti yakaandika juu ya kaya hewa kwa furaha kubwa. Wezi waliondolewa, vizuri. Lakini tangu hapo nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema bati lisubiri kwanza, wasije wakamwona ameendelea. Tunawapa watu hela ili wainuke, kisha tunawafundisha kuficha walivyoinuka.

Zanzibar wamekwepa ugomvi huo kwa kundi moja. Tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na zaidi analipwa Pensheni Jamii, awe na gari au hana hata kiatu. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa. Hakuna dodoso la paa, wala mkutano wa kutajana umaskini mbele za watu. Ugomvi unaobaki ni wa kuthibitisha umri. Bara tungeweza kuanzia hapo, kwa bibi na babu wote waliofikisha umri huo, na wala hela hiyo isingeishia kwao, kwa sababu nusu ya wateja wangu wazee wanalea wajukuu. Gharama itaulizwa, na ni haki. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 450 kwa awamu ya pili ya mpango, ile iliyozinduliwa Februari 2020 ikilenga vijiji, mitaa na shehia zote. Nasisitiza mkopo, kwa sababu dukani kwangu bado wapo wanaodhani ni sadaka ya Wazungu. Tutalipa sisi, na wajukuu wa yule bibi watalipa. Anayekopa hela hukazana ifanye kazi.

Kuna mambo hela haiwezi. Haichimbi kisima, na kwenye nyanda zetu za juu maji ya kununua kwa ndoo ni sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba. Haileti dawa kwenye zahanati isiyo na dawa. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi za kutoka nje, bei huku ilianguka mpaka watu wakaziacha shambani, na ruzuku ya 20,000 kwa mwezi isingefidia hilo. Sisemi hela ichukue nafasi ya bomba na barabara.

Nasema habari ya tarehe, na hapa naongea kama wakala. Malipo yameanza kuja kwa simu na benki badala ya mezani, na kwa jumla ni afadhali: hakuna gari la hela la kusubiri chini ya mwembe tangu asubuhi, hakuna anayejua jirani yake kapata ngapi. Yana taabu zake. Laini imesajiliwa kwa jina la mtoto aliyehamia Masasi. Namba ya siri anaijua mjukuu. Mzee ameweka kidole kwenye mashine mara nyingi na mashine imekataa, kwa sababu miaka hamsini ya jembe imefuta alama zake zote. Makato ya kutoa hela yanakula kile ambacho kwake ni sukari ya wiki. Lakini taabu kubwa kuliko hizo ni kwamba mimi mwenyewe sijui hela itaingia lini. Ujumbe unaingia kwenye simu za watu arobaini asubuhi moja, wanajaa dukani, na mimi nina hela taslimu ya kuwalipa kumi. Wengine nawaambia waje kesho. Wanaotoka mbali wanalala kwa ndugu, au wanapanda bodaboda kwenda mjini na nauli inatoka kwenye hela ileile. Ningejua tarehe ningeshuka benki siku moja kabla. Mwenye dagaa naye angepanda siku hiyo.

Wala siombi fedha mpya. Malipo ni kila baada ya miezi miwili, yaani mara sita kwa mwaka. Chukueni sehemu ya yale ya Agosti na Oktoba, wakati ufuta umeuzwa na korosho inaanza, muongeze kwenye ya Desemba na Februari. Jumla ya mwaka ibaki ileile. Kanda ya Ziwa wana misimu yao, Dodoma wana yao. Maofisa ugani wa kila wilaya wanaijua miezi ya njaa ya kwao bila utafiti wowote. Kisha tarehe zote sita zitangazwe mwanzoni mwa mwaka wa fedha, na zisisogezwe.

Tarehe za minada ya korosho tunazipata kabla ya mnada, mtendaji anazibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kila mwenye kilo kumi anazijua. Za kaya maskini ziandikwe pembeni yake. Chaki nitatoa mimi.